MIKONO YA KUMSHIKA MTOTO: Jinsi ya kuajiri na kujenga timu ya kituo cha mazoezi ya viungo

Somo la vikundi vya kujisaidia

Lengo la somo: Mwisho wa somo hili kikundi kiweze kueleza ni mtu wa namna gani anayefaa kuajiriwa katika kituo cha mazoezi, kifuate hatua za haki katika kumchagua, na kijue la kufanya ili timu isivunjike.

Muda: Mikutano 2 ya saa 2 kila mmoja. Mkutano wa kwanza mfanye sehemu ya 1 hadi ya 3. Wa pili mfanye zilizobaki.

Vitu vya kutumia: Biblia, karatasi kubwa, kalamu ya wino mzito, na daftari la katibu.



Siku hizi kuna vikundi vya wazazi ambavyo vimechoka kubeba watoto mgongoni hadi hospitali ya kaunti. Nauli ya kwenda na kurudi inamaliza pesa ya unga. Mtoto anafikishwa mara moja kwa mwezi, halafu mvua inanyesha, barabara inaharibika, mama anakata tamaa. Basi wazazi wanasema, "Kwa nini tusifungue kituo chetu hapa kijijini? Tupate chumba, mikeka, na mtu wa mazoezi."

Hilo ni wazo jema. Chumba kinaweza kupatikana, pengine parokia itatoa. Mikeka inashonwa. Seremala wa sokoni anaweza kutengeneza kiti maalum akionyeshwa vipimo. Lakini swali gumu ni moja: nani atakayemshika mtoto? Kituo cha mazoezi ni huduma, na pia ni biashara ndogo, maana kuna ada, kuna mshahara, kuna hesabu. Posho mill ikipata fundi mbaya, inasimama na kila mtu anaona imesimama. Kituo cha mazoezi kikipata mtu mbaya, mlango unaendelea kufunguliwa kila siku huku mtoto akiumia bila mtu kujua.

1. KAZI YENYEWE NI IPI?

Kabla ya kutafuta mtu, tuelewe kazi. Watoto wengi wanaoletwa kwenye vituo kama hivi wana mtindio wa ubongo. Ubongo wa mtoto uliumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Si laana na si kosa la mama. Sehemu ya ubongo iliyoumia haiponi, lakini mtoto anaweza kusaidiwa sana ili viungo visikaze na kupinda, ili aketi, ale vizuri, acheze, na wengine hata watembee.

Wataalamu wa kazi hii ni wa aina mbili hasa. Wa kwanza ni fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Yeye anaangalia misuli, mifupa na namna mtoto anavyosogea. Wa pili ni yule ambaye hospitalini tunamwita OT. Yeye anamsaidia mtoto kufanya shughuli za kila siku: kushika kijiko, kuvaa nguo, kukaa kwenye kiti kinachomfaa. Katika vituo vidogo mara nyingi anapatikana mmoja tu, na hapo itabidi yule mwingine aombwe kutembelea mara chache.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Wiki moja ina saa 168. Tuseme mtoto analetwa kituoni mara moja kwa wiki, akae saa 1. Zinabaki saa 167. Katika saa hizo mtoto anabebwa, analishwa, analazwa, anaogeshwa. Anayefanya hayo ni mama, nyanya, au dada yake mkubwa. Kama wanambeba vibaya, ile saa 1 ya mtaalamu haiwezi kushinda saa 167. Na kama wanamlisha akiwa amelala chali, chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu na mtoto akafa, hata kama mtaalamu ana vyeti ukuta mzima.

Kwa hiyo tunajifunza jambo la kwanza na kubwa katika somo hili: mtu tunayemtafuta si yule anayejua mazoezi peke yake. Tunamtafuta anayejua mazoezi NA anayejua kumfundisha mama. Mtaalamu anayeficha ujuzi wake, siku akiondoka anaondoka na kituo chote. Anayeufundisha anauacha kijijini hata akihamia Nairobi.

Maswali ya kujadiliana:
(a) Katika familia zetu, nani anakaa na mtoto mwenye ulemavu saa nyingi zaidi? Je, mtu huyo amewahi kufundishwa chochote?
(b) Umewahi kutibiwa na mtu asiyekueleza anachofanya? Ulijisikiaje?

2. NENO LA MUNGU: MATENDO 6:1-7

Mtu mmoja asome polepole, wengine wasikilize. Kisha mwingine asome tena.

Mnakumbuka habari yenyewe. Katika Kanisa la mwanzo kulikuwa na mgawo wa chakula wa kila siku. Waumini waliosema Kiyunani wakalalamika kwamba wajane wao wanasahauliwa. Tuangalie mitume walifanya nini, hatua kwa hatua.

Kwanza, hawakukasirika kwa sababu ya malalamiko. Waliitisha mkutano. Pili, walitaja kazi inayotakiwa kufanywa kabla ya kutaja mtu. Tatu, walitaja sifa: watu wenye jina zuri mbele ya wenzao, wenye Roho na hekima. Nne, waliacha watu wenyewe wachague. Tano, waliwaombea na kuwawekea mikono mbele ya wote, ili kila mtu ajue nani amepewa kazi gani.

Kuna jambo jingine ambalo ni rahisi kulipita. Someni yale majina saba tena. Yote ni ya Kiyunani. Inaonekana waliochaguliwa walitoka upande ule ule uliokuwa unalia. Walioumizwa na tatizo wakapewa kazi ya kulitatua.

Jambo hili halikuishia katika Biblia. Mwaka wa 1981, katika kijiji kidogo kiitwacho Ajoya huko Mexico, vijana wenye ulemavu walianza kituo chao wenyewe cha mazoezi na vifaa, kwa jina PROJIMO. Neno hilo kwa Kihispania ni "jirani", kama katika ile amri ya kumpenda jirani. Wengi wao hawakuwa na masomo makubwa. Walifundishwa na wataalamu waliokuja kuwatembelea kama walimu, si kama mabwana. Wakajifunza kutengeneza viti vya magurudumu, miguu ya bandia na vyuma vya kushikilia miguu, na kuwafundisha wazazi mazoezi. Mwaka wa 1987 David Werner, aliyefanya kazi nao, alitoa kitabu kikubwa chenye michoro kuhusu watoto walemavu wa vijijini. Ujuzi wa kijiji hicho ukasafiri hadi nchi nyingi.

Tusielewe vibaya. Hatusemi mtaalamu aliyesoma hahitajiki. Kule Ajoya walihitajika pia, na hapa kwetu sheria inawataka. Tunasema kwamba timu yenye nguvu haikosi wazazi na watu wenye ulemavu ndani yake. Wanajua kiatu kinabana wapi, maana wao ndio waliokivaa.

Swali: Katika kikundi chetu, nani anayelia zaidi? Je, yumo kwenye kamati, au anakuja tu kusikiliza?

3. IGIZO FUPI

Watu wanne waigize. Wasisome kama redio. Waseme kwa maneno yao.

MWENYEKITI: Mama Katibu, hii kazi ya mtu wa mazoezi mimi naona tusihangaike. Kijana wa marehemu ndugu yangu amemaliza kozi mwaka jana. Yuko tu nyumbani.

KATIBU: Kozi ya nini, mzee?

MWENYEKITI: Mambo ya hospitali hospitali hivi. Si ni karibu sawa?

MWEKA HAZINA: Na pia tukimwandika mtu wa mbali, atazoea kidogo halafu aende zake. Huyu ni wetu.

KATIBU: Mzee, mimi nakuheshimu, na kijana ni mtoto wetu sote. Lakini akimuumiza mtoto wa mtu, nani hapa ataweza kumwambia kijana wa boma lako aondoke?

(Kimya.)

MAMA WA MTOTO: Wazee wangu, mimi sina neno kubwa. Nauliza tu. Kuna mtu hapa amemwona huyo kijana akimshika mtoto?

Igizo likatwe hapo. Mwongozaji aulize:
(a) Mwenyekiti anaogopa nini? Mweka hazina naye je?
(b) Mambo kama haya yanatokea kwetu? Yaliishaje?
(c) Swali la yule mama lina uzito gani?

Neno la nyongeza kwa mwongozaji: Kuajiri ndugu si dhambi. Ndugu naye anahitaji kazi, na pengine ndiye anayefaa. Dhambi ni kumruka mwenye uwezo kwa sababu ya ndugu. Kanuni iwe hivi: ndugu aombe kazi kama wengine, na yule mwanakamati mwenye undugu naye atoke nje siku ya kuamua. Iandikwe kwenye daftari kwamba alitoka.

4. HATUA SABA ZA KUAJIRI

Hatua ya 1: Andikeni kazi kabla ya kutaja jina.
Kwenye karatasi moja andikeni: atafanya kazi siku ngapi, atahudumia watoto wangapi kwa siku, atafundisha wazazi lini, atatembelea nyumba ngapi kwa mwezi, ataandika nini, na ataripoti kwa nani. Mkishindwa kujaza ukurasa mmoja, bado hamjawa tayari kuajiri. Msiandike "na kazi nyingine yoyote" halafu mumtume sokoni kununua saruji.

Hatua ya 2: Hesabuni pesa kwa ukweli.
Tuchukue mfano, na tarakimu hizi ni za mfano tu. Tuseme mshahara ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Mwajiri hatoi hizo peke yake. Kwa NSSF kikundi kinaongeza asilimia 6, yaani 1,800. Kwa ushuru wa nyumba za bei nafuu asilimia 1.5, yaani 450. Kwa mafunzo ya viwandani, NITA, shilingi 50. Jumla ni 32,300. Mfanyakazi naye anakatwa upande wake: NSSF 1,800, nyumba 450, na bima ya afya ya jamii asilimia 2.75, yaani 825, pamoja na kodi ya mapato ikiwa inamfikia. Anayekata na kupeleka ni kikundi. Pesa hizo si zetu hata siku moja. Mweka hazina asizikopeshe.

Sasa upande wa mapato. Watoto 24, kila mmoja aje mara 4 kwa mwezi, kila mara mzazi alipe shilingi 200. Hiyo ni 19,200, tena ikiwa hakuna aliyeugua na hakuna aliyekosa. Pengo ni shilingi 13,100 kila mwezi. Litazibwa na nini? Kuku wa kikundi? Shamba la pamoja? Mchango wa jumuiya ndogo ndogo? Jibu liandikwe. Na kabla ya kumwita mtu, mwe na mshahara wa miezi 6 kwenye akaunti. Kwa mfano wetu ni shilingi 193,800. Kama hamjafika hapo, anzeni na mtaalamu wa siku 1 kwa wiki, mmlipe kwa siku hizo, kisha mkue. Mtaalamu asiyelipwa miezi miwili ataondoka, na mtoto aliyekuwa ameanza kuketi ataanza upya na mtu mwingine anayemwogopa.

Hatua ya 3: Tangazeni wazi.
Kanisani baada ya Misa, msikitini, kwa chifu, kwenye zahanati, na kwenye vyuo vinavyofundisha kazi hiyo, kama vile KMTC. Tangazo litaje mwisho wa kupokea barua. Litaje pia kwamba watu wenye ulemavu wanakaribishwa kuomba. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya kabila, dini, jinsia, mimba, ulemavu au virusi vya ukimwi. Msiulize msichana kama ana mpango wa kuzaa.

Hatua ya 4: Kagueni vyeti na leseni.
Nchini Kenya mafizio wana sheria yao ya mwaka wa 2014, na maOT wana ya kwao ya mwaka wa 2017. Kila kundi lina baraza linalosajili. Cheti cha chuo peke yake hakitoshi. Ombeni kuona usajili na leseni ambayo haijapitwa na wakati, kisha muulize baraza lenyewe kama jina limo. Mtu mwema hatakasirika kwa kukaguliwa. Ombeni pia cheti cha polisi cha tabia njema, maana ni kazi ya kukaa na watoto. Wakati huo huo ulizeni ofisi ya afya ya kaunti ndogo kuhusu kibali cha kituo chenyewe, na hakikisheni kikundi kimesajiliwa chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya mwaka wa 2022.

Hatua ya 5: Mwoneni akifanya kazi.
Hapa ndipo tunapojibu swali la yule mama katika igizo. Mahojiano ya mezani yanaonyesha nani anaongea vizuri. Sisi tunataka kuona mikono. Baada ya kuongea naye, na kwa ruhusa ya mama, mwache afanye kazi na mtoto mmoja kwa dakika 30. Mama awepo muda wote. Watu 3 waangalie kimya, mmoja wao awe mzazi, na kila mmoja aandike alama zake bila kuongea na mwenzake:

- Aliwasalimia mama na mtoto, akamwita mtoto kwa jina lake? (alama 2)
- Alinawa mikono, na akauliza historia ya mtoto kabla ya kumshika? (alama 2)
- Alisogeza viungo polepole? (alama 2)
- Mtoto alipolia, alisimama na kutafuta sababu, au aliendelea tu? (alama 2)
- Mwisho wa dakika 30, je, mama aliweza kurudia zoezi moja mwenyewe bila kuelekezwa? (alama 4)

Jumla ni alama 12. Swali la mwisho lina alama nyingi kwa sababu ya zile saa 167. Na kuhusu la tatu, jueni kwamba mguu uliokaza ukivutwa kwa ghafla na kwa nguvu hukaza zaidi. Tena mtoto asiyesimama mara nyingi ana mifupa dhaifu, inaweza kuvunjika. Anayevuta kwa nguvu ili kuwaonyesha wazazi kwamba anafanya kazi, huyo mwogopeni.

Mwogopeni pia anayeahidi kwamba mtoto atatembea baada ya miezi mitatu. Na anayemwambia mama aache dawa za kifafa zilizotolewa hospitali, huyo msimwajiri hata akija bure.

Hatua ya 6: Ulizeni alikotoka.
Pigeni simu au tumeni mtu kwa waajiri wawili wa nyuma. Ulizeni swali moja la wazi: "Mngeweza kumwandika tena?" Kisha nyamazeni, msikilize jibu linavyokuja.

Hatua ya 7: Andikeni mkataba.
Kwa sheria, kazi ya miezi 3 au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na kuuandaa ni jukumu la mwajiri. Uwe na kazi, mshahara, tarehe ya kulipwa, saa, siku ya kupumzika kila wiki, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka yenye malipo. Muda wa majaribio usizidi miezi 6. Anayelipwa kwa mwezi, akimaliza majaribio, anahitaji taarifa ya siku 28 kabla ya kuachishwa au kuacha. Na akishtakiwa kwa kosa, hafukuzwi kwa simu. Anaelezwa kosa, anasikilizwa, akiwa na mwenzake wa kazi kama anataka.

5. MTU MMOJA SI TIMU

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mkisha kumpata mtaalamu, msimwache peke yake chumbani na watoto 24. Mzungukeni na timu.

Wasaidizi. Chagueni watu wawili wa hapa hapa, ikiwezekana mzazi na mtu mwenye ulemavu. Mtaalamu awafundishe. Kazi yao ni kuwasaidia mama na mtoto kurudia mazoezi aliyoyaagiza yeye, kutembelea nyumba, na kutunza vifaa. Hawapimi ugonjwa na hawaanzishi zoezi jipya. Tukubaliane pia kuhusu malipo yao tangu mwanzo. Mtu anayekuja kila siku kwa saa zilizopangwa si wa kujitolea, hata tukimpa jina hilo. Akifanya kazi hivyo kwa miezi, sheria inaweza kumhesabu kuwa mwajiriwa, na moyo wake ulishamhesabu hivyo zamani. Kama ni wa kujitolea kweli, aje nusu siku, na nauli yake irudishwe siku hiyo hiyo.

Kamati. Kamati inashughulikia pesa, chumba, mikataba na malalamiko. Haiingii chumbani kumwambia mtaalamu zoezi la kufanya. Mtaalamu naye haamui ada wala hashiki pesa za wazazi. Malipo yaende kwa mweka hazina au kwa namba ya M-Pesa ya kikundi, na risiti itolewe. Mipaka hii ikiwa wazi, ugomvi mwingi unakufa kabla ya kuzaliwa.

Mkutano wa Jumatatu. Dakika 30, kabla ya watoto kufika. Maswali ni matatu tu: Mtoto gani amesonga mbele? Mtoto gani ametutia wasiwasi? Nani kati yetu amechoka? Swali la tatu lisirukwe. Kazi hii ina uchungu. Mtoto uliyembeba mwaka mzima anaweza kufa kwa homa ya mapafu wiki moja. Msaidizi asiyepata pa kulilia ataanza kuwafokea akina mama, na sisi tutasema ameharibika tabia.

Daftari la kila mtoto. Liandikwe kila anapokuja: lengo la miezi 3 (kwa mfano, "aketi peke yake kwa dakika 5"), zoezi alilofundishwa mama, na tarehe. Mtaalamu akiugua au akiondoka, anayefuata hataanza na giza. Daftari lifungiwe kabatini. Habari za ugonjwa wa mtoto ni siri yake, na sheria ya mwaka wa 2019 inalinda habari hizo. Haziongelewi kwenye boda boda wala kisimani.

Ulinzi wa watoto. Mtoto haachwi na mtu mzima mmoja nyuma ya mlango uliofungwa, awe ni mtaalamu, msaidizi au hata katekista. Mama au mlezi awepo. Nguo zikitolewa, sababu ielezwe kwanza. Andikeni jina la mwanakamati mmoja, afadhali mwanamke, ambaye mzazi yeyote anaweza kumwendea na malalamiko bila kupitia kwa mwenyekiti. Jambo likiwa ni la kumdhulumu mtoto, linapelekwa kwa ofisi ya watoto na polisi. Halimalizwi kwa kikao cha wazee na mbuzi.

Kujifunza. Mara moja kila miezi 3 mwombeni mtaalamu wa hospitali ya kaunti, au wa shirika kama APDK ambalo limefanya kazi hii Kenya tangu mwaka wa 1958, aje kuangalia watoto wagumu pamoja na timu. Mtaalamu aliye peke yake kijijini anasahau, na anaanza kufanya mazoezi yale yale kwa kila mtoto.

Siku ya kuagana. Watu huondoka; serikali inaajiri, mtu anaolewa, mtu anapata mshahara mkubwa. Msimchukie. Zile siku 28 zitumike kukabidhi: aketi na kila mama, apitie daftari, amwonyeshe msaidizi. Timu yenye nguvu mtaijua siku hiyo. Mtaalamu akiaga na akina mama bado wanajua la kufanya kesho asubuhi, kikundi kilijenga. Wakibaki wameshika vichwa, kikundi kilikodisha tu.

6. KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

(a) Watu 2 waandike ile karatasi moja ya kazi (Hatua ya 1) na kuisoma mbele ya wote.
(b) Mweka hazina alete hesabu ya Hatua ya 2 kwa tarakimu za kikundi chetu, si za mfano.
(c) Kila mwanakikundi amtembelee mzazi mmoja mwenye mtoto mlemavu ambaye hajawahi kuja kwenye kikundi. Asiende kumhubiria. Amwulize: "Mtu wa kumshika mtoto wako, ungetaka awe wa namna gani?" Majibu yaandikwe kama alivyosema mwenyewe, na yasomwe kabla ya kuandika tangazo la kazi.

Sala ya kumalizia: Ee Bwana, uliyewashika watoto kwa mikono yako na kuwabariki, tupe macho ya kumtambua mtu anayefaa, na ujasiri wa kumwambia hapana asiyefaa, hata kama ni wetu. Amina.